Petroli yenye ethanoli: je, gari lahitaji dawa ya chupa?

Mpwa wangu anaishi Minneapolis, kule Marekani, na riziki yake ni kuendesha teksi. Mwezi wa Januari alinipigia simu, kwetu ni baada ya Isha, kwake ni adhuhuri na theluji imejaa nje. Hakukaa kunijulia hali kama ilivyo ada yake. "Mjomba, nambie kweli. Petroli ya huku imetiwa ethanoli, na muuzaji wa duka la spea anasema yaila injini yangu. Kila wiki nanunua chupa ya dawa naitia kwenye tangi. Nafanya sawa, ama naliwa?"

Nilimuuliza chupa moja ni bei gani. Dola 10. Tukapiga hesabu pamoja: wiki 52 kwa dola 10 ni dola 520 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi 60,000 za kwetu. Nikanyamaza kidogo, maana najua pesa hizo zingekwenda wapi. Mamake, ambaye ni dadangu, yuwatumia dawa za sukari kila mwezi, na kijana huyu ndiye anayezilipia.

Mimi ni fundi wa magari hapa Mombasa, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka 25. Swali la mpwa wangu si lake peke yake. Wengi wetu tuna jamaa Marekani na Uingereza ambao magari yao yanakunywa petroli ya aina hii, na wakirudi nyumbani wengine hutuletea chupa hizo kwenye masanduku kama zawadi. Kwa hivyo nimeona bora niliandike jibu lote hapa, kila mtu alisome na alipime mwenyewe.

Jibu kwa ufupi

Gari la kawaida la miaka ya karibuni, linaloendeshwa kila siku au kila wiki, halihitaji dawa yoyote kwa sababu ya ethanoli. Lilitengenezwa likijua kwamba litakunywa petroli hiyo. Dawa inaweza kusaidia katika hali chache: gari likiegeshwa miezi mingi bila kuwashwa, gari likiwa la zamani sana, au injini ikiwa imeshika uchafu kwenye injekta. Katika kila moja ya hali hizo dawa ni ya aina yake, na kutia aina isiyofaa ni kumwaga pesa. Yaliyobaki hapa chini ni maelezo ya kwa nini nasema hivyo.

Ethanoli ni kitu gani, na iliingiaje kwenye petroli

Ethanoli ni alkoholi, ile ile inayotokana na kuchachusha sukari. Marekani huitengeneza zaidi kwa mahindi, na Brazil huitengeneza zaidi kwa miwa. Petroli inayoitwa E10 ina sehemu 10 za ethanoli katika kila sehemu 100. E15 ina sehemu 15. Iko pia E85, ambayo ni ya magari maalumu tu, yale yaliyotengenezwa kutumia petroli au ethanoli nyingi bila tatizo.

Brazil ilianza mpango wake mkubwa mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta kupanda duniani. Leo petroli ya kawaida ya nchi hiyo ina ethanoli zaidi ya robo, na mwaka 2025 kiwango kilipandishwa hadi asilimia 30. Marekani karibu petroli yote ya vituoni ni E10. Kule ilisambaa zaidi baada ya sheria ya nishati ya mwaka 2005, na baada ya wauza mafuta kuacha kemikali iitwayo MTBE, ambayo ilikuwa ikichafua maji ya visima. Minnesota, jimbo analoishi mpwa wangu, ni jimbo la mahindi, nalo lilitangulia majimbo mengine kuilazimisha ethanoli kwa sheria. Uingereza iliifanya E10 kuwa petroli ya kawaida mwezi wa Septemba 2021.

Afrika nayo si ngeni. Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli ya miwa na petroli tangu mwaka 1982. Hata Kenya tulikuwa nayo katika miaka ya 1980, ethanoli ikitengenezwa Muhoroni kwa molasi ya viwanda vya sukari, kisha mpango ule ukafa. Mafundi wazee walionifundisha kazi waliikumbuka.

Nayataja haya kwa sababu moja. Mamilioni ya watu Brazil na Marekani wameendesha magari kwa mafuta haya miaka mingi, na wengi wao hawajawahi kutia chupa hata moja. Lau ethanoli ingekuwa inazila injini kama yule muuzaji alivyodai, barabara za São Paulo zingejaa magari mabovu.

Mambo ambayo ethanoli huyafanya kweli

Sisemi ethanoli haina athari. Inazo, na ni vizuri kuzijua kwa vipimo vyake badala ya kwa vitisho.

La kwanza, ina nguvu pungufu. Lita moja ya ethanoli ina kama theluthi mbili tu ya nguvu iliyomo katika lita moja ya petroli. Kwa kuwa E10 ina sehemu moja tu ya kumi, hasara yake ni ndogo, takriban asilimia 3. Gari lililokuwa likienda kilomita 500 kwa tangi moja litakwenda kama kilomita 485. Hakuna chupa inayorudisha kilomita hizo 15, kwa sababu nguvu yenyewe haimo kwenye mafuta, na matone machache ya dawa hayawezi kuiumba.

La pili, ina oktani ya juu. Hii ni faida. Oktani ni uwezo wa mafuta kuvumilia mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati, ule mlio wa kugongagonga tunaousikia gari likipanda mlima. Wauza mafuta wa Marekani huchukua petroli ya oktani 84 kwa kipimo cha kule, wakatia ethanoli, ikafika 87. Kwa hivyo mtu anayetumia E10 ya kawaida, na gari lake linataka petroli ya kawaida, hana haja ya chupa ya kupandisha oktani.

La tatu, hupenda maji. Ethanoli huyavuta maji na kuyashika, jambo ambalo petroli tupu haliwezi. Hapa ndipo wauza chupa wanapopata maneno. Lakini hebu tutazame vipimo. E10 kwenye hali ya joto la wastani yaweza kushika maji kiasi cha nusu ya asilimia moja. Kwenye tangi la lita 50 hiyo ni robo lita, kama glasi moja. Maji yakiwa chini ya kiasi hicho, huchanganyika na mafuta, hupita kwenye injini na hutoka na moshi, wala dereva hajui. Yakizidi, mchanganyiko hutengana: ethanoli huiacha petroli, hushikana na maji, na yote mawili hushuka chini ya tangi, pale pale pampu inapofyonzea. Gari hapo halitawaka, au litawaka na kuzima. Na petroli iliyobaki juu imeshapoteza oktani yake.

Glasi nzima ya maji haiingii kwenye tangi la gari kwa unyevu wa hewa peke yake. Tangi la gari la kisasa limefungwa, halipumui wazi kama dumu. Maji mengi kama hayo huingia kwa mafuta mabaya ya kituoni, kwa kifuniko kibovu, au kwa gari kuzama kwenye mafuriko. Na mafuta yakishatengana, hakuna dawa ya kuyarudisha. Kazi ni kuteremsha tangi, kumwaga, kusafisha na kutia mafuta mapya.

La nne, hula raba na chuma za zamani. Magari ya kale yana paipu za raba, sili na vipande vya kabureta ambavyo havikutengenezwa kukutana na alkoholi. Raba hulainika au kupasuka, na madini mengine hushika kutu. Tena ethanoli huyeyusha uchafu mkavu uliokaa miaka mingi kwenye tangi na kuusukuma hadi kwenye filta. Gari la zamani likibadilishiwa mafuta leo, filta yake yaweza kuziba kesho. Watu husema ethanoli imeharibu pampu, kumbe imefagia uchafu uliokuwa umelala.

Chupa ziko za aina nne

Kosa la wengi ni kudhani dawa zote ni moja. Ukisimama mbele ya rafu, kwanza jiulize chupa hii imeandikwa kufanya kazi gani.

*Dawa ya kukausha maji.* Hii ndiyo aliyokuwa akiinunua mpwa wangu. Nilimwambia aigeuze chupa anisomee kilichomo. Akasoma: alkoholi. Dawa nyingi za aina hii ni alkoholi ya namna moja au nyingine, ambayo huyashika maji ili yapite na mafuta. Zilikuwa na maana zamani, petroli ilipokuwa tupu na maji yakiganda ndani ya paipu wakati wa baridi kali. Lakini tangi lake la lita 50 tayari lina lita 5 za alkoholi kutoka pampuni. Yeye alikuwa akilipa dola 10 kuongeza kikombe kimoja juu ya lita 5. Tulicheka sote wawili, ingawa yeye alicheka kwa uchungu.

*Dawa ya kuhifadhi.* Hii huzuia petroli isiharibike inapokaa, na huzuia kutu. Petroli yoyote, yenye ethanoli au isiyo nayo, huzeeka: sehemu zake nyepesi hupotea na nyingine hugeuka kuwa kama gamu. Ikiwa gari litaegeshwa zaidi ya miezi mitatu hivi, dawa hii ina kazi. Masharti yake ni matatu. Itiwe kwenye mafuta mapya, kwa sababu haifufui mafuta yaliyokwisha kuoza. Tangi lijazwe karibu kujaa, ili hewa na unyevu vipate nafasi ndogo. Na injini iachwe inguruma dakika kadhaa baada ya kutia, dawa ifike kwenye paipu na injekta. Gari linalomaliza tangi kila wiki halina haja nayo, maana mafuta hayapati muda wa kuzeeka.

*Sabuni ya injekta.* Hii husafisha uchafu kwenye injekta na valvu. Zile nzuri zina kemikali iitwayo polietheramini, na huweza kusaidia kweli injini iliyoshika uchafu. Lakini haja yake haitokani na ethanoli. Marekani sheria inawalazimisha wauza mafuta kutia sabuni kwenye petroli yote tangu mwaka 1995. Tangu 2004 iko pia alama iitwayo Top Tier, iliyoanzishwa na watengenezaji magari wakiwemo Toyota, Honda, BMW na General Motors, kwa vituo vinavyotia sabuni zaidi ya kiwango cha sheria. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima mwaka 2016 kikakuta petroli isiyo na alama hiyo iliacha uchafu mara 19 zaidi, kwa wastani, kuliko yenye alama. Kwa hivyo anayetaka injini safi achague kituo kizuri kwanza. Angalizo jingine: injini za sasa ambazo injekta zake hupiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, valvu zake za hewa haziguswi na petroli kabisa. Sabuni ya kwenye tangi haiwezi kuzisafisha valvu hizo, hata uimwage katoni nzima.

*Dawa ya oktani.* Nimeshaigusa. Kama kitabu cha gari kinataka oktani ya juu, nunua petroli ya oktani ya juu pampuni. Kama hakitaki, oktani ya ziada haiongezi nguvu wala kupunguza matumizi.

Neno moja kuhusu maandishi ya kwenye chupa. Nyingine huandikwa kwamba zimesajiliwa na EPA, shirika la mazingira la Marekani. Usajili huo ni wa lazima kwa dawa za petroli zinazouzwa kwa magari ya barabarani, na maana yake ni kwamba mtengenezaji amewasilisha habari za kemikali zake. Haina maana kwamba EPA imeipima dawa na kuikubali kuwa inafanya kazi. Shirika hilo limepima vifaa na dawa zaidi ya 100 zilizodaiwa kupunguza matumizi ya mafuta, na ni chache mno zilizoonyesha faida yoyote.

Nani hasa anahitaji kujihadhari

Mwenye gari la kale. Uingereza magari yote mapya yanayouzwa tangu 2011 yanakubali E10, na mengi ya tangu mwisho wa miaka ya 1990 pia. Kwa magari ya zamani zaidi, petroli ya bei ya juu huko bado ni E5, na hiyo ndiyo njia rahisi. Shirikisho la vilabu vya magari ya kale la Uingereza limewahi kupima dawa za kuzuia kutu inayoletwa na ethanoli na kuzipasisha baadhi. Lakini dawa hizo hulinda chuma, hazilindi raba. Mwenye gari la kabureta abadilishe paipu za mafuta na sili ziwe za aina inayovumilia ethanoli, kisha ndipo azungumze habari ya chupa.

Mwenye kutumia E15. Marekani imeiruhusu E15 kwa magari ya mwaka 2001 na kuendelea. Haikuruhusiwa kwa pikipiki, mashine za boti, wala mashine za kukatia nyasi. Hakuna dawa ya kuifanya E15 ifae chombo kisichoruhusiwa. Dawa yake ni kusoma kibandiko cha pampu kabla ya kushika mpira.

Mwenye boti. Huku ndiko maji na ethanoli hugombana zaidi, kwa sababu tangi la boti lina tundu la kupumulia, liko juu ya bahari, na mara nyingi hukaa wiki nyingi nusu tupu. Mtu wa boti anayetumia E10 anafanya vyema kuwa na filta ya kutenganisha maji, na dawa ya kuhifadhi chombo kikipandishwa pwani.

Na sisi huku pwani?

Petroli yetu hushushwa Kipevu kutoka melini, na vituoni mwetu hukuti pampu iliyoandikwa E10. Anayekuuzia chupa ya "kinga ya ethanoli" Mombasa, Malindi au Lamu anakuuzia mwavuli ndani ya nyumba.

Shida za mafuta yetu ni nyingine. Ya kwanza ilikuwa, na haijaisha kabisa, kuchanganya mafuta ya taa kwenye petroli na dizeli. Serikali ilipotia tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, sababu iliyotajwa ni hiyo hiyo: kuondoa faida ya wachanganyaji. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hushusha oktani, gari hugonga, huwaka kwa shida asubuhi na kutoa moshi wenye harufu. Hilo halitibiwi kwa chupa. Mafuta yamwagwe, na risiti iwekwe ili malalamiko yapelekwe EPRA yakiwa na ushahidi.

Ya pili ni maji. Mafuta ya madumu yanayouzwa kando ya njia, tangi la chini ya ardhi lililoingia maji ya mvua za masika, kifuniko cha tangi kilichopotea kikazibwa kwa kitambaa. Petroli isiyo na ethanoli haishiki maji, kwa hivyo maji hukaa chini ya tangi peke yake na huliwasha kutu. Yakiwa matone machache, dawa ya alkoholi inaweza kuyatoa, na huku kwetu chupa hiyo ina maana zaidi kuliko kwa mpwa wangu. Yakiwa mengi, teremsha tangi.

Nilichomwambia mpwa wangu

Nilimwambia aache kununua chupa, lakini asinisadiki kwa maneno. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nikamwambia achukue daftari: kila akijaza tangi aandike galoni ngapi na maili ngapi amekwenda. Wiki mbili atie dawa, wiki mbili asitie, zote ndani ya baridi ile ile na njia zile zile. Sharti la baridi ni muhimu, kwa sababu gari hula mafuta zaidi wakati wa baridi kali, na mtu akilinganisha Januari na Mei ataisifu dawa kwa kazi iliyofanywa na jua.

Kisha nikamtajia mambo ya bei nafuu yanayokula mafuta kweli: upepo wa matairi, ambao hushuka baridi ikizidi, filta ya hewa, na plagi ambazo hajui zilibadilishwa lini. Upepo aliukuta umeshuka kwenye matairi yote manne. Plagi zilikuwa zimeisha. Mwisho wa mwezi alinitumia picha ya daftari. Kati ya wiki za dawa na wiki zisizo na dawa, tofauti haikuonekana. Wiki iliyofuata, na baridi ingali ile ile, matumizi yalikuwa yamepungua kwa sababu ya upepo na plagi.

Lakini simu ile ya kwanza ilikuwa na jambo jingine, nami sitalificha. Kabla ya kukata, mpwa wangu aliniambia: "Mjomba, huku chupa hizi ukinunua katoni ni rahisi. Nikutumie katoni mbili uuze gerejini, tugawane faida?" Alikuwa na nia njema.

Nilikataa, na sababu ni kwamba nilishawahi kuziuza. Miaka ya nyuma nilikuwa na rafu ya chupa mlangoni pa gereji. Alikuwako mzee mmoja wa teksi, mtu wa heshima, gari lake likikosa nguvu kila akipanda daraja la Nyali. Nilimuuzia chupa moja, akarudi, nikamuuzia ya pili. Alinunua sita kwa miezi miwili. Siku nilipopata nafasi ya kulifungua gari lile sawasawa, nilikuta filta ya mafuta imeziba kwa kutu ya tangi. Filta mpya ilikuwa bei ya chini kuliko chupa mbili. Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa zile chupa zilikuwa za nini, mwanangu?" Sikuwa na jibu, na chupa zilizobaki nikazitoa rafuni.

Chupa ni rahisi kuuza kwa sababu humpa fundi faida bila kuchafua mikono, na humpa mteja raha ya moyo kwamba amefanya jambo. Swali la kumuuliza anayekuuzia ni hili: dawa hii ni ya ugonjwa gani, na umejuaje kwamba gari langu linao? Akikosa jibu la swali la pili, rudisha pesa mfukoni.

Kwa jamaa walio ughaibuni, fanyeni haya. Someni kitabu cha gari, ukurasa wa mafuta. Kama kimeandikwa E10 inafaa, inafaa bila chupa. Jazeni kwenye kituo chenye wateja wengi, mafuta yake hayakai. Kama gari litaegeshwa miezi kadhaa mkija nyumbani kwa likizo ndefu, jazeni tangi na mtie dawa ya kuhifadhi mara moja. Kama gari ni la kabureta, anzeni na paipu za raba. Basi.

Mpwa wangu ameacha chupa tangu mwisho wa Januari. Dola 40 za kila mwezi anazituma pamoja na zile za kawaida, na dadangu ameniuliza mara mbili kijana amepata kazi gani mpya. Nimemwambia hakupata kazi. Ameacha kununua alkoholi. Ilibidi nimweleze haraka ni alkoholi ya aina gani.